Zawadi Zilizomzibia Njia Mzee Kifaru

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Fisi alikuwa bado anaaminika kushika funguo za watu, na Kobe... Shomari! Toa mkono kwenye ungo! Nachagua mchele hapa, sichagui vidole vyako. Kaa kule kwa Tatu. Haya, sikilizeni, maana mimi sirudii.

Enzi hizo alikuwepo Mzee Kifaru. Mwili kama nyumba ya vyumba vitatu, pembe mbili, heshima tele. Ila macho, jamani, macho hamna kitu. Kila asubuhi alikuwa akikiamkia kichuguu kilichokuwa mlangoni pake.

"Habari za asubuhi, jirani?"

Kichuguu kimya.

"Nasema, umeamkaje?"

Kimya. Mzee Kifaru anaondoka zake ananung'unika: "Majirani wa siku hizi wana kiburi!" Na kesho yake anakiamkia tena, kwa sababu alilelewa vizuri.

Huyu mzee alikuwa na shimo la chumvi. Chumvi nyeupe, ya kulamba mpaka ukafumba macho. Wanyama wote walikula chumvi yake, na aliyekuwa akimuuzia ni Ngiri, wakala wake. Basi Ngiri siku moja kasikia mvua imenyesha kwao, kafunga mizigo, mkia juu, tiii! kaenda kulima. Hajarudi mpaka leo.

Ndipo Kanga akatumwa kupita kila kichaka: "Ka-ka-ka! Anatafutwa wakala wa chumvi! Mwenye kuitaka kazi afike kwa Mzee Kifaru siku ya soko, saa sita mchana! Ka-ka-ka!"

Sasa nisikilizeni hapa vizuri. Kule kwao huendi kuomba kazi mikono mitupu. Unatanguliza zawadi. Unaipeleka mapema, unaiweka uwanjani kwa mwenye kazi, akipita aione, akukumbuke. Na yeye mwenyewe haruhusiwi kuikataa. Hata kuisogeza haruhusiwi. Kuisogeza zawadi ya mtu, aka! ni kama umemtukana mama yake.

Na adabu yao ya pili: mgeni akiomba kitu kwako, humnyimi. Ana haya au hana haya, akishaomba, unampa. Mzee Kifaru alizishika adabu zote mbili barabara, na nimewaambia, alilelewa vizuri.

Pembeni ya lile shimo la chumvi palikuwa na jiwe kubwa, na kwenye mwanya wa jiwe aliishi Pimbi na mkewe, Bi Mashavu, na watoto wao. Pimbi mnamjua? Mdogo, mnene, hana mkia. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Siku ile ile ya tangazo, Simba akaja. Akaligonga jiwe kwa ukucha: ko! ko! ko!

"Wewe kitu kisicho na mkia! Toka nje!"

"Naam, Mheshimiwa," Pimbi akatoa pua.

"Jiwe hili liko karibu na shimo. Nikipata uwakala nalivunja, najenga ghala. Jiandaeni."

"Na sisi, Mheshimiwa, twende wapi?"

"Mawe yamejaa duniani!" Simba akaondoka akitikisa manyoya.

Hajafika mbali, Nyati huyo. "Mmm-buuu! Pimbi, nikipata kazi, hapa naweka banda langu." Nyati naye akaondoka. Mara Fisi huyo, anacheka peke yake. "Hii-hii-hii! Pimbi, jiwe zuri hili. Likivunjwa litatoa kokoto nzuri sana."

Bi Mashavu akaketi chini, akalia. Alilia kweli kweli. Ndani ya jiwe lile ndimo alimozalia watoto wake wote, na kitoto cha mwisho kilikuwa hata macho hakijafumbua.

"Baba Watoto," alisema, "apate Simba, apate Nyati, apate Fisi, sisi tumekwisha. Nenda ukaiombe kazi wewe."

"Mimi?" Pimbi akajitazama. "Na zawadi gani? Humu ndani tuna majani makavu na mama yako."

"Mama yangu hatoki!"

"Sijasema atoke, mke wangu. Nahesabu tu tulivyo navyo."

Pimbi akapanda juu ya jiwe lake. Kutoka pale ulikuwa unauona uwanja wote wa Mzee Kifaru. Akakaa kwenye jua, akawa anatazama. Akamtazama mzee anavyokula, anavyolala, anavyokiamkia kichuguu. Na saa sita mchana akamwona anatoka mlangoni, anashika njia iliyonyooka, wala hageuki kulia wala kushoto, pu, pu, pu, pu, mpaka kwenye dimbwi lake la matope. Chubwiii! Akajilaza. Akatoa pumzi ndefu ya raha, mpaka vyura wakahama upande.

Pimbi akashuka mbio.

"Mke wangu, nimejua anachokipenda! Mzee haoni. Anapenda njia yake iwe tupu, afike kwenye matope yake bila kugonga kitu. Basi! Hana shida nyingine duniani."

"Mbona njia tupu anayo tayari?" akasema Bi Mashavu. "Utampaje mtu kitu alicho nacho?"

Pimbi akajikuna shavu. Akajikuna la pili. Halafu akacheka, kile kicheko chake cha puani.

"Kwanza aikose," akasema.

Mnaona mambo hayo? Basi tulieni.

Kesho yake Simba akarudi, safari hii kwa sauti ya chini, maana alikuwa na shida. "Pimbi, ndugu yangu."

Jana alikuwa kitu kisicho na mkia, leo ndugu yangu.

"Wewe unakaa juu ya jiwe, unamwona yule mzee kutwa. Nimpelekee zawadi gani?"

"Mheshimiwa, wewe mwenyewe unapenda nini?"

"Mimi?" Simba akafikiri. Uso ukalainika. "Mimi napenda kioo. Kioo kikubwa, nijione mwili mzima. Pale asubuhi nikishachana nywele..."

"Sasa kuna mtu asiyependa anachokipenda Simba?"

"Hayupo!"

"Basi umeshajijibu. Na ukikiweka, weka pale katikati ya njia yake ya matope, asije akakipita bila kukiona."

"Ahaa! Na fremu nichore sura yangu."

"Sura yako, kabisa. Sasa ya nani tena?"

Simba akaondoka akiimba. Akaja Nyati. Pimbi akamuuliza neno lile lile: wewe unapenda nini? Nyati akasema yeye na ndugu zake hupenda mno kusikia jina lao likitajwa. Kila saa likitajwa, wanasikia raha mpaka kwenye kwato.

"Basi mpelekee saa," akasema Pimbi. "Ila iwe saa inayotaja jina."

Nyati akaona hapo pana akili nyingi. Akatengeneza sanduku refu kama kabati, akamwajiri Kwale akae ndani, na kila saa afungue kidirisha na kupiga kelele. Alama ya uso wa Nyati mbele, mkubwa, na pembe zimetokeza nje kwa pande zote mbili.

Fisi hata hakuulizwa mara mbili. "Mifupa!" alisema, mate yanamtoka. "Kapu la mifupa! Lenye utepe mwekundu! Hii-hii-hii! Pimbi, hivi mtu akikuletea kapu la mifupa utamnyima kitu?"

"Mimi? Ningempa hata mama mkwe."

Kutoka ndani ya jiwe sauti ya kizee ikasema: "Nimekusikia!"

Sasa Tatu unauliza nini? Ndiyo, Kifaru anakula majani. Hata mfupa mmoja hajawahi kuutia mdomoni. Wewe mtoto umeligundua hilo, na Fisi na ndevu zake hakuligundua.

Zawadi zikafika, zote katikati ya njia, kama Pimbi alivyowaelekeza. Saa sita ya siku hiyo, Mzee Kifaru akatoka mlangoni, akashika njia yake. Pu, pu, pu... KRAAA! Kaingiza mguu kwenye kapu la mifupa.

"Samahani, bibi!" akaliambia kapu. "Sikukuona. Umeumia?"

Kapu kimya, linanuka tu, na nzi juu yake vuuuu.

Akalizunguka pole pole, akasonga mbele. Mara mbele yake akamwona kifaru mwenzake, amesimama katikati ya njia, mwili ule ule, pembe zile zile. Ni kioo, ila yeye angejuaje?

"Karibu, bwana," akasema Mzee Kifaru, akainamisha kichwa.

Yule naye akainamisha kichwa.

"Pita, pita."

Yule naye akawa kama anayesema pita, pita.

"Hapana, tangulia wewe, mgeni."

Wakasimama pale, kila mmoja anampisha mwenzake. Jua likawaka. Jua likahama. Mzee Kifaru miguu ikamfa ganzi, lakini apite kabla ya mgeni? Hawezi. Na alipoamua aseme neno kali kidogo, nyuma yake kidirisha kikafunguka, ta!

"NI SAA SABAAA! NYATI NA NDUGU ZAKE WANAKUTAKIA KAZI NJEMAAA! KWERE-KWERE-KWEREEE!"

"Karibu!" akaitika Mzee Kifaru, akageuka kwenda kufungua mlango. Hakuna mtu. Kurudi, njia ameipoteza. Siku hiyo matope hakuyaona.

Kesho yake hivyo hivyo. Anaomba radhi kwa kapu, anampisha mgeni, anaitikia hodi ya Kwale. Saa nne, karibu! Saa tano, karibu! Keshokutwa hivyo hivyo. Ngozi ikaanza kumkauka, ikapasuka kama kiwanja cha kiangazi. Nzi wakampanda mgongoni wakafanya kijiji. Na kuzisogeza zawadi za watu hawezi. Alikuwa anakaa mlangoni pake machozi yanamtoka, anakiambia kichuguu: "Jirani, mwenzako nateseka."

Pimbi aliyaona hayo kutoka juu ya jiwe, na roho ikamuuma. Nawaambia ukweli, ilimuuma. Ila alikitazama kile kitoto chake kisichofumbua macho, akanyamaza. Akahesabu siku, soko lifike.

Siku ya soko ikafika. Saa sita kamili uwanja umejaa. Simba mbele, amechana nywele. Nyati na ndugu zake wameketi mstari mzima. Fisi analitolea kapu lake macho ya mapenzi. Mzee Kifaru yuko mlangoni, amekonda, anajikuna kwenye mwimo: kwaru, kwaru, kwaru.

"Waombaji wote wamefika?" akauliza kwa sauti ya mgonjwa.

"Bado mimi," ikasema sauti kutoka chini.

"Nani huyo?"

"Mimi Pimbi, Mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta zawadi gani?"

Wote wakamtazama. Mikono mitupu, myeupe! Fisi akaanguka chini kwa kicheko. "Hii-hii-hii! Hata jani? Hata jani hajaleta!"

"Mzee wangu," akasema Pimbi, "mimi zawadi yangu ni kuomba. Nimekuja kukuomba kitu."

Uwanja mzima ukaguna. Mtu anakuja kuomba kazi, badala ya kuleta anataka kuchukua! Simba akacheka mpaka akaharibu nywele zake.

"Omba, mgeni wangu," akasema Mzee Kifaru. Angefanyaje? Mgeni hanyimwi.

"Naomba lile kapu la mifupa."

Masikio ya Mzee Kifaru yakasimama. La kulia, kisha la kushoto. "Lile... yule bibi aliyekaa njiani pangu? Anaondoka?"

"Ukinipa, linaondoka."

"Limekuwa lako! Na utepe wake!"

"Naomba na ile saa, na Kwale wake."

"Chukua! Mchukue, mwanangu, mchukue!"

"Na kile kioo."

"Kioo? Kioo gani? Pale kuna bwana mmoja mgeni, siku zote hizi hataki kupita."

"Nitaondoka naye, Mzee."

Mzee Kifaru akashusha pumzi kubwa, na kofia ya Kanga ikapeperuka.

"Ngoja kwanza!" Simba akanguruma. "Ngrrraaa! Kioo hicho ni changu!"

Pimbi akamgeukia taratibu. "Samahani, Mheshimiwa. Ulimpa Mzee, au ulimwazima?"

Simba akapiga hesabu. Akisema amemwazima, ameaibika mbele ya watu wote. Akisema amempa, basi si chake.

"Nilimpa," akasema kwa meno.

"Asante. Nilitaka kuhakikisha tu."

"Lakini mgeni wangu ni mdogo," Mzee Kifaru akasema, "atabebaje mizigo yote hii? Wanangu, hakuna kijana mwenye nguvu wa kumsindikiza?"

Eee, hapo ndipo mngecheka. Kila mmoja anaitaka kazi, nani akae? "Mimi, Mzee! Nina nguvu mimi!" Simba akarukia kioo, akakitwika kichwani. Nyati na ndugu zake wakanyanyua sanduku, mmoja huku, mmoja kule, na Kwale ndani anapiga kelele, "NI SAA SITAAA!" Fisi akalivuta kapu kwa utepe huku anatokwa na machozi, anaunusa kila mfupa anauaga. Wakaenda mbio, wanasukumana, kila mtu anataka kumaliza wa kwanza aonekane. Na Pimbi nyuma yao anawaelekeza: "Taratibu hapo mlangoni. Kioo kiegemeze jiweni. Sanduku hapo kivulini. Asanteni, asanteni."

Waliporudi uwanjani, mwenye nyumba hayupo.

Pu, pu, pu, pu, pu... CHUBWIIIIII!

Matope yakaruka yakampiga Simba usoni, yakamkalia nywele zote. Mzee Kifaru alikuwa amezama mpaka masikioni, macho ameyafumba, analia kwa raha.

"Nani huyo," akauliza kutoka kwenye matope, "nani aliyenipa njia?"

"Pimbi, Mzee."

"Basi wakala wangu ni Pimbi. Chumvi yote aiuze yeye. Na jiwe lake lisiguswe na mtu, maana hapo ndipo duka langu lilipo."

Bi Mashavu, kule juu ya jiwe, akapiga kigelegele mpaka sauti ikamkauka.

"Tapeli!" Simba akapiga kelele. "Mzee, huyu ni tapeli! Yeye ndiye aliyenishauri kioo!"

"Alikuambia uniletee kioo?"

"Aliniuliza... aliniuliza mimi napenda nini."

"Na mimi!" akasema Nyati.

"Na mimi!" akasema Fisi.

Mzee Kifaru akafumbua jicho moja lililojaa matope, akalielekeza mahali alipodhani Simba amesimama. Lilikuwa limeelekea kwa Kanga, lakini haidhuru.

"Na katika nyinyi wote," akasema, "nani aliyeniuliza mimi napenda nini?"

Hata Kwale kule ndani ya sanduku alinyamaza, na saa saba ilikuwa imefika.

Pimbi akaona haya kidogo. Akajongea ukingoni mwa dimbwi. "Mzee wangu, pale katikati ya njia ni mimi niliyewaambia waweke. Na hata mimi sikukuuliza. Nilikutazama tu."

Mzee Kifaru akazama mpaka puani. Povu likapanda, blup. Povu likapanda tena, blup.

"Kesho," akasema, "utakuja unikune mgongo. Na keshokutwa. Mpaka nikwambie basi."

Pimbi alimkuna mgongo Mzee Kifaru mwaka mzima, kila siku kabla ya kufungua duka, na hakulalamika.

Na duka lilijaa! Simba alikuwa wa kwanza kila asubuhi. Anasimama mbele ya kioo, anajichana, anajigeuza ubavu, anajipenda weee, halafu kwa kuwa ameshafika, ananunua chumvi. Fisi anakuja kulamba mfupa mmoja, ananunua chumvi. Nyati na ndugu zake wanasimama mstari kusubiri kidirisha kifunguke, ta! jina lao litajwe, wanafurahi mpaka kwenye kwato, wananunua chumvi gunia zima. Na kitoto cha mwisho cha Pimbi kilipofumbua macho, kitu cha kwanza kukiona duniani kilikuwa Simba, amepanga foleni, ameshika kikapu.

Haya, ungo umekwisha, na nyinyi funzo lenu ni hili: ukimchagulia mtu zawadi, mtazame yeye, usijitazame wewe.

Shomari, nipe sufuria.